Mbawakawa wa Mlimani Asiyeruka

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mdudu ambaye kila mmoja wenu amepata kumwona, lakini ni wachache waliopata kumtazama. Kuona ni kazi ya macho tu, bali kutazama ni kazi ya macho pamoja na akili. Mdudu huyu ni mbawakawa wa ardhi: yule mweusi atokaye mbio chini ya jiwe unapoligeuza, ambaye haruki hewani, bali hukimbia kwa miguu yake mirefu kutafuta giza jingine.

Huenda mtu akasema, "Mwalimu huyu hana kazi. Sisi tunataka habari za mahindi na ng'ombe, naye atuletea mdudu wa chini ya mawe!" Neno hilo nimekwisha kuambiwa kwetu Chala, tena na mtu mzima ninayemheshimu. Basi namwomba yeye, na wote wenye mawazo kama yake, wanisikilize mpaka mwisho, kisha ndipo wahukumu. Maana katika habari za mdudu huyu mmoja imo habari ya milima yetu, na ya maji tunywayo, na ya moto tuuwashao kila mwaka wakati wa kiangazi.

Kwanza tumjue mbawakawa mwenyewe. Kila mdudu ana miguu sita. Katika wadudu hao, mbawakawa ni wale ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magumu kama ganda. Mabawa hayo magumu hayapigi hewa. Kazi yake ni kufunika mgongo, nayo hukutana katikati kwa mstari ulionyoka, kama mbao mbili za mlango. Chini yake yamekunjwa mabawa mengine mawili, laini na membamba, nayo ndiyo ya kurukia. Fukusi alaye mahindi ghalani ni mbawakawa. Na yule afingirishaye mavi ya ng'ombe njiani ni mbawakawa pia.

Mbawakawa wa ardhi ni jamii moja tu katika hao, lakini ni jamii kubwa sana: namna zilizokwisha kupewa majina duniani ni karibu 40,000. Nisemapo "namna" nina maana ya wadudu wa asili moja, wazaanao wao kwa wao, kama vile punda walivyo namna moja na farasi namna nyingine. Alama za jamii hii si ngumu kuzishika. Miguu ni mirefu, ya kukimbilia. Vipapasio vya kichwani ni vyembamba kama uzi, na kila kimoja kina pingili 11. Taya zimeelekea mbele, nazo ni kali kama koleo. Wengi ni weusi, au wana rangi ya shaba iliyosuguliwa, na mgongo wao una michirizi iliyopangwa kama matuta ya shamba la mtu mwangalifu. Wengi wao ni wawindaji wa usiku, nao hula viwavi, konokono, minyoo na mayai ya wadudu wengine. Hata buu, yaani mtoto wa mbawakawa kabla hajapata umbo la wazazi wake, ni mwindaji.

Hapa nawapa watoto onyo. Katika nchi zetu yuko mbawakawa wa ardhi mkubwa, mweusi, mwenye madoa meupe au ya manjano. Jina lake la kitaalamu ni Anthia. Ukimkamata hurusha maji makali kutoka nyuma yake, na maji hayo yakiingia jichoni huunguza vibaya. Wako na wengine, wadogo kuliko huyo, ambao huchanganya dawa mbili ndani ya tumbo na kuzifyatua kwa mlio, nazo hutoka zikiwa na moto kama maji yachemkayo. Kwa hiyo mdudu usiyemjua msukume kwa kijiti aingie katika kopo. Usimshike kwa vidole, wala usimsogeze usoni.

Sasa nawaletea ukoo mmoja ndani ya jamii hii, nao ndio hasa maneno yangu ya leo. Ukoo huo huitwa Calosoma, jina lililotoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni mwili mzuri. Kwa kawaida Calosoma ni warukaji hodari. Mvua zinapoanza, na viwavijeshi wanapovamia majani na nafaka changa, Calosoma huja kwa mabawa kuwafuata, na usiku huanguka penye taa kwa kishindo. Mabega yake ni mapana, na harufu yake ni kali. Watu humkanyaga wakidhani ni adui wa shamba, kumbe amekuja kumla adui wa shamba! Thamani yake watu wengine wameijua zamani. Mwaka wa 1905 Wamarekani walianza kuleta Calosoma kutoka Ulaya, wakawaachilia katika misitu yao, ili wale viwavi waliokuwa wakimaliza majani ya miti.

Huyo ndiye Calosoma wa nchi za chini, msafiri mwenye mabawa, ambaye leo yuko hapa na kesho yuko kwingine. Lakini panda Mlima Kilimanjaro. Pita mashamba ya migomba na kahawa, pita msitu mkubwa wenye unyevu, mpaka utokee juu penye majani na vichaka vya baridi. Hapo, chini ya mawe na katika mashina ya majani, yuko Calosoma wa namna nyingine. Urefu wake ni karibu inchi moja. Mabega yake si mapana, bali yameteremka kama mabega ya chupa. Mwili wake umekuwa wa duara kidogo, mfano wa yai. Na mtu akimchukua mmoja aliyekufa, akainua ganda la mgongo kwa ncha ya sindano, hayaoni mabawa ya kurukia kama yale ya ndugu yake wa chini. Huona vipande vifupi tu, visivyoweza kumwinua hata unene wa kidole. Milango ipo, lakini chumbani mna vitambaa tu.

Watu wa Kilimanjaro wamempita mdudu huyu njiani tangu zamani za kale. Lakini habari za kumwandika katika vitabu zilianza hivi. Mwaka wa 1861, na tena mwaka wa 1862, msafiri Mjerumani, Baron Karl Klaus von der Decken, aliujaribu mlima ule. Mara ya pili alikuwa pamoja na Otto Kersten, nao walifika karibu futi 14,000, kisha wakarudi, maana kilele kina futi 19,341. Wadudu waliokusanywa katika safari zake walipelekwa Ulaya. Decken mwenyewe hakuishi sana. Aliuawa mwaka wa 1865 penye mto Juba, katika nchi ya Wasomali. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1867, mtaalamu Adolph Gerstaecker alimwandika mbawakawa mmoja wa nyanda zetu za juu, akampa jina deckeni, liwe ukumbusho wa marehemu. Kisha akaja Georg Volkens, mtaalamu wa mimea, aliyekaa Marangu kwenye mteremko wa Kilimanjaro kati ya mwaka wa 1892 na 1894. Mwaka wa 1895 Hermann Kolbe, huko Berlin, alimpa mbawakawa mwingine jina volkensi. Basi mpaka leo mmoja huitwa Calosoma deckeni, na wa pili Calosoma volkensi.

Mwaka ule ule Kolbe alitunga majina mengine mawili kwa mbawakawa hawa wa milimani. Jina moja ni Orinodromus, maana yake mkimbiaji wa mlimani. Jina la pili ni Carabomorphus, maana yake mwenye umbo la Carabus. Siku hizi wote huhesabiwa kuwa ndani ya ukoo wa Calosoma. Lakini lile jina la pili lina fumbo ndani yake, nalo ndilo litakalotupeleka mbali kidogo, mpaka China.

Carabus ni ukoo jirani wa Calosoma, wenye namna zaidi ya 900. Huishi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Kusini mwa jangwa la Sahara hakuna hata mmoja. Walio wengi hawaruki. Na nchi iliyo tajiri kwao ni China, hasa katika milima ya Sichuan na Yunnan, ambako mito imekata mabonde marefu yenye kina kikubwa. Huko mtu huweza kupanda mlima mmoja akakuta Carabus wa namna moja, kisha akashuka bondeni, akapanda mlima wa pili, akakuta namna nyingine kabisa, ijapokuwa milima hiyo miwili hutazamana. Miongoni mwa watu waliotafuta viumbe wa milima ile alikuwa padre mmoja Mfaransa, Armand David. Yeye ndiye aliyewajulisha watu wa Ulaya, mwaka wa 1869, habari za panda, yule mnyama mfano wa dubu mwenye rangi nyeusi na nyeupe. Na Carabus mmoja wa China ana jina lake.

Fumbo lenyewe ndilo hili. Calosoma wa Kilimanjaro, kwa sura yake, humfanana Carabus wa milima ya China kuliko anavyomfanana ndugu yake halisi aangukaye penye taa zetu. Imekuwaje? Je, walitoka China kwa miguu? Hapana. Jibu ni mlima wenyewe.

Fikirini maisha ya juu. Usiku ni baridi kali, na mwili wa mdudu hauna joto lake wenyewe. Mdudu aliyepoa hawezi kupiga mabawa. Upepo nao ni mkali, na arukaye huweza kuchukuliwa na kutupwa mahali asipoweza kuishi. Tena mabawa ni mali ya gharama. Mabawa pamoja na misuli yake hujengwa kwa chakula kingi, na jike asiyeyajenga hubaki na nguvu ya kutaga mayai zaidi. Zaidi ya hayo, makao ya mlimani hayahamihami kama makundi ya viwavijeshi. Aliyezaliwa pale hupata chakula chake pale pale. Basi kizazi baada ya kizazi, wale wenye mabawa mafupi ndio walioacha watoto wengi. Na misuli ya kurukia ilipopungua, kifua nacho kilipungua, na mabega yakateremka. Hayo yalitokea China katika ukoo mmoja, yakatokea Afrika katika ukoo mwingine, na mwisho wake sura zikafanana.

Jambo hili si geni kwa wanadamu. Tazama mikono ya mvuvi wa Kipili, pwani ya Ziwa Tanganyika, kisha utazame mikono ya mvuvi wa Pemba. Sugu zimeota mahali pamoja. Watu hawa si ndugu, wala hawajapata kuonana. Kamba ya wavu ndiyo iliyowafananisha. Kwa hiyo mtu atakaye kumtambua mdudu asihukumu kwa sura ya jumla tu, maana sura huonyesha kazi ya mwenye sura, na mara nyingi huificha asili yake.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka wa 1859, alitaja habari za kisiwa cha Madeira kilicho katika bahari ya Atlantiki. Katika namna 550 za mbawakawa waliojulikana kule, namna 200 zilikuwa na mabawa pungufu hata hazikuweza kuruka. Nanyi mtaona mara moja kwamba kisiwa na mlima ni kitu kimoja kwa mdudu wa namna hii. Kisiwa kimezungukwa na maji; mlima umezungukwa na joto. Mbawakawa wa juu akishuka nchi ya chini yenye jua kali na ukavu, hufa njiani. Wahenga walisema, "Milima haikutani, wanadamu hukutana." Na mbawakawa asiyeruka yuko upande wa milima: hakutani na wa mlima wa pili.

Kwa sababu hiyo wataalamu walipanda mlima baada ya mlima. Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walizunguka milima mikubwa ya Afrika ya Mashariki katika mwaka wa 1911 na 1912. Jeannel alijishughulisha sana na mbawakawa wa ardhi wadogo waitwao Trechus, wapendao baridi na unyevu, naye akaonyesha jinsi milima hiyo ilivyo na Trechus wake wenyewe, wasiopatikana penginepo. Mwaka wa 1940 alitoa kitabu kizima juu ya Calosoma wa dunia yote. Yuko Calosoma elgonense, ambaye jina lake hutaja Mlima Elgon ulio mpakani mwa Kenya na Uganda. Na mwaka wa 1957 Pierre Basilewsky na Narcisse Leleup walitafuta wadudu wa milima ya Tanganyika chini ya mawe, katika majani yaliyooza na katika udongo wenyewe.

Sasa mwanafunzi ataniuliza, "Mwalimu, mtu huyajuaje haya kwa hakika? Wadudu wawili weusi, wote wa urefu wa inchi moja: atasemaje kwamba hawa ni namna mbili?" Swali hilo ni jema. Mtambuzi huwaita mashahidi watatu, wala hatosheki na mmoja.

Shahidi wa kwanza ni mwili wa nje. Mtambuzi huchukua kioo cha kukuza, akatazama vipapasio pingili kwa pingili. Katika Calosoma, kwa mfano, pingili ya tatu imebanwa pande mbili kama makali ya kisu, nayo ni alama ya ukoo ambayo mlima haukuifuta. Hutazama umbo la kifua, na vidoto vya mgongoni, na nyayo za mbele, ambazo kwa madume wengi zimepanuka. Shahidi wa pili yumo ndani ya tumbo: ni kiungo cha uzazi cha dume. Kiungo hiki ni kigumu, na kila namna ina umbo lake, kama vile kila kufuli lilivyo na ufunguo wake. Wadudu wawili waliofanana nje kama mapacha, mara nyingi hutengwa na shahidi huyu.

Shahidi wa tatu ni mahali. Huyu ndiye anayesahauliwa na wanafunzi kila siku. Mdudu akipatikana, sharti aandikiwe karatasi ndogo: jina la mlima, upande wake, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, na jina la aliyemwona. Tena iandikwe alikuwa chini ya nini: jiwe, gogo, au majani makavu. Huandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwa unyevu. Mdudu asiye na karatasi hiyo ni kama barua isiyo na jina la mwandishi wala mahali ilikotoka. Unaweza kuisoma, lakini huwezi kuijibu. Namna ya kumpata si ngumu. Fukia kopo tupu, mdomo wake uwe sawa na uso wa ardhi, ulitazame asubuhi mapema, na wale usiowahitaji uwaachilie. Jiwe uliloligeuza lirudishe kama lilivyokuwa, maana ni paa la nyumba ya mtu. Na katika msitu wa hifadhi au katika mbuga ya taifa usichukue kitu cho chote pasipo kibali cha wenye mamlaka.

Mpaka hapa nimesema habari za Kilimanjaro na China. Yule mzee wangu wa Chala atauliza, "Na sisi je?" Basi na turudi nyumbani.

Ufipa nayo ni kisiwa. Upande wa machweo liko Ziwa Tanganyika, chini sana, kwenye joto. Upande wa mawio nchi huvunjika ghafula penye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ikashuka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Katikati sisi tumeinuliwa juu, kwenye upepo na baridi ya Juni na Julai. Na juu ya kisiwa hiki kuna visiwa vidogo zaidi: vipande vya msitu wa baridi vilivyobaki katika milima ya Mbizi, karibu na Sumbawanga, vikizungukwa na bahari ya majani. Katika msitu huo wa Mbizi wamo mbega wekundu, ambao ndugu zao wa namna hiyo wanapatikana pia mbali sana, huko Uganda. Kama mbega, mwenye nguvu za kuruka kutoka tawi hata tawi, amefungwa na majani yaliyouzunguka msitu wake, atakuwaje mdudu mdogo atembeaye kwa miguu?

Nitawaambia jambo ambalo si la sifa kwangu. Nilipokuwa mtoto wa miaka kama kumi, mimi na wenzangu tuliwasha moto kilimani nyuma ya kijiji, ili tupate kuwinda panya. Ulikuwa mwezi wa Septemba, majani yamekauka kabisa. Upepo ukageuka, na moto ukaingia katika kichaka kikubwa cha miti kilichofunika chemchemi. Moto wa majani hupita upesi, na walio ndani ya udongo wengi hupona. Lakini moto wa kichakani haupiti; hukaa, ukala magogo na majani yaliyooza, ukashuka mpaka kwenye mizizi. Uliwaka siku tatu. Sisi tulipata panya saba.

Bibi yangu hakunipiga. Alinipeleka pale asubuhi ya siku ya nne, akaniambia, "Geuza mawe." Nilikuwa nayajua mawe yale, maana nilizoea kuwatafuta mbawakawa na kuwashindanisha mbio. Nikageuza moja, nikageuza la pili. Chini yake nilikuta magamba ya mgongo, mbao mbili mbili, matupu, mepesi kama makapi ya ulezi. Nikiyagusa yalivunjika. Bibi akaniuliza, "Hawa uliwawinda pia?" Sikuwa na jibu, na leo hii bado silo.

Mvua iliponyesha, majani yalirudi. Mwaka wa pili hata mtu hangejua kwamba palikuwa na moto. Wadudu wenye mabawa nao walirudi. Lakini pale penye kichaka sikuona tena wale weusi wakubwa wa miguu kwa miaka mingi, na chemchemi ambayo zamani ilijaza mtungi upesi, sasa ilimfanya mama aketi kungoja.

Sasa mnaona maneno yangu yalikokuwa yakielekea. Arukaye akiunguziwa nyumba, watoto wa jirani yake huja kwa mabawa kuijaza tena. Atembeaye hana jirani ila wa mlima ule ule, na mlima ukiungua wote, hakuna ajaye. Kama namna hiyo haipo penginepo, basi haikufa Ufipa tu au Kilimanjaro tu, bali imekufa duniani pote. Moto mkubwa ulichoma vichaka vya juu vya Kilimanjaro mwezi wa Oktoba mwaka wa 2020, na tena Oktoba mwaka wa 2022. Zaidi ya hayo, joto la dunia linazidi, na makao ya baridi yanazidi kupanda juu. Na juu ya kilele hakuna mahali pa kupandia.

Wala hasara si ya mdudu peke yake. Kivuli na majani yaliyooza anayoyapenda mbawakawa wa mlimani ndiyo hayo hayo yanywayo mvua kama sifongo na kuitoa polepole chemchemini. Kwa hiyo mbawakawa huyu ni kama mlinzi wa mtungi: ukimkuta chini ya gogo, jua kwamba udongo wa pale bado una unyevu na uhai. Na shambani ndugu zake hula viwavi wakataji wa miche, kazi ambayo mkulima hakuwalipa hata senti moja.

Sisi Wafipa hatuna haja ya kufundishwa na wageni neno hili. Wazee wetu walipolima intumba, yale matuta ya mviringo, hawakuyachoma majani. Waliyapindua wakayafukia chini ya udongo, yaoze, yawe chakula cha mazao ya mwaka ujao. Walijua kwamba jani lililofukiwa hurudi shambani, bali jani lililochomwa huenda na upepo. Basi yale waliyoyatenda shambani, sisi tuyatende mlimani. Anayetaka kusafisha shamba lake kwa moto, afyeke kwanza njia pana ya kuuzuia, awaite majirani, angoje jioni upepo utulie, wala asiondoke mpaka jivu limepoa. Vichaka vya penye chemchemi visiguswe na moto hata kidogo. Na watoto wawindao panya, wachimbe kwa jembe. Panya watapatikana vile vile.

Nanyi wanafunzi, nawapa kazi. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, kila mmoja ageuze jiwe moja karibu na kwao. Atazame, ahesabu miguu, atazame vipapasio na mabega, aandike mahali na tarehe katika daftari, kisha arudishe jiwe. Afanye hivyo kila mwezi, mwaka mzima, kwa jiwe lile lile. Mwisho wa mwaka atakuwa na kitabu ambacho hakuna mtu mwingine duniani aliye nacho, maana jiwe lile liko kwake peke yake.

Milima haikutani. Lakini sisi tunaokutana tumepewa kuijua, na kuitunzia wale wasioweza kuhama.